Karatasi, kalamu mbele ya pua au mashine ya kufuatilia macho: mtu aliyeumia kichwa umpime akili kwa kipi?

Wadau wa wodi za rehab, na nyie mnaouguza ndugu nyumbani, kuna swali limekuwa linakuja sana siku hizi. Hizi mashine za kufuatilia mwendo wa macho ambazo wenzetu Marekani na Ulaya wanazitumia kwa watu walioumia kichwa, je zinapima akili vizuri kuliko yale maswali ya karatasi tuliyoyazoea, na kama kituo kina hela ya kitu kimoja tu kinunue nini? Mimi nafanya tiba kazi, hawa ndo wagonjwa wangu wa kila siku, kwahiyo ntaziweka hizo njia sambamba na ntasema wazi napendelea ipi na kwa nani.

Msimamo wangu nauweka mapema kabisa: usianze na kifaa, anza na mgonjwa ana nini cha kukupa. Ana mkono unaoweza kushika kalamu? Ana mdomo unaotoa maneno yanayoeleweka? Shule kafika wapi? Au kilichobaki ni macho tu? Ukishajibu hayo unakuta nusu ya uchaguzi umeshafanyika.

Kile cha mapokezi sicho tunachozungumzia

Naanzia hapa kwasababu watu wengi wanachanganya. Kipimo cha Glasgow, kile ambacho Teasdale na Jennett walikitoa mwaka 1974, kinaangalia macho, maneno na mwili, kinaanzia 3 kinaishia 15, na kinakwambia mtu ameamka kiasi gani, basi. Mwenye 13 hadi 15 anaandikwa jeraha dogo, 9 hadi 12 la kati, 8 kushuka chini ni kubwa. Sasa kijana wa bodaboda kaanguka, kafika ana 14, kesho yake 15, picha ya CT ya kichwa haina damu wala ufa, karuhusiwa, alafu wiki tatu baadae mke wake anarudi naye analalamika mtu amebadilika, anapakia abiria anasahau kaambiwa ampeleke wapi, chenji anarudisha mara mbili, mtoto akilia kidogo tu anawaka. Na ana 15 yake kamili kwenye faili!

CT ni nzuri sana kuona damu, uvimbe na mfupa uliovunjika, ila zile nyuzi nyembamba zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na ingine, ambazo zinavutika pale kichwa kinapozungushwa ghafla, mara nyingi haizioni kabisa. Kwahiyo CT safi haimaanishi mtu anaigiza, tafadhali tuache kuwaambia wagonjwa hivo.

Angalizo lingine kabla sijaendelea. Mgonjwa ambaye bado yuko kwenye kile kipindi cha kutoshika kumbukumbu baada ya ajali, yaani ya leo hayafiki kesho, hajui yuko hospitali gani, kila ukiingia anakuuliza lile lile, huyo usimpime kwa njia yoyote kati ya hizi ukaandika ripoti kuwa akili yake imefikia hapa. Mpime tu kila siku kama anajua mahali alipo, tarehe na kilichomtokea, mpaka akae sawa siku kadhaa mfululizo. Majibu ya kabla ya hapo yatakuja kumsumbua kwenye makaratasi ya kazi na bima wakati ubongo wake ulikuwa bado unatulia.

Kwanini mtu ahangaike na macho

Kulifanya jicho liende sehemu sahihi kwa wakati sahihi ni kazi inayogusa sehemu nyingi za ubongo kwa mpigo: paji la mbele linaloamua, sehemu ya juu nyuma yake inayojua vitu viko wapi, ubongo mdogo unaorekebisha vipimo, shina la ubongo linalotoa amri ya mwisho kwa misuli. Zile nyuzi nlizosema zinapita humo humo. Ikilegea moja jicho linachelewa, au linafika pungufu, au linashindwa kujizuia.

Kuna majaribio matatu ya msingi ambayo karibu kila mashine inayatumia kwa namna yake. La kwanza ni kurukia nukta, inatokea kwenye skrini unaiangalia, mtu mzima mwenye afya jicho linaanza kuondoka baada ya kama milisekunde 200. La pili ni kufuata nukta inayotembea taratibu, iwe kwa mstari au kwa duara. Mzima jicho linateleza nayo, aliyeumia mara nyingi linaachwa nyuma na kuruka ruka kuikimbilia.

La tatu ndo ninalolipenda kuliko yote. Nukta inatokea kulia, wewe unatakiwa uangalie kushoto, sehemu ambayo hakuna kitu. Hallett ndo alilieleza mwaka 1978. Ukikaa pembeni ya mtu akilifanya unaona vita yenyewe: nukta inawaka kulia, jicho linaiibia kulia kidogo, linashtuka, linageuka kwenda kushoto, na mgonjwa anasema "ah, nimekosea" kabla hujamwambia chochote. Mwingine haoni kabisa kuwa kakosea, anaendelea kufuata nukta kila inapotokea na ukimuuliza anasema yuko vizuri. Hao wawili wana idadi sawa ya makosa kwenye karatasi ya majibu lakini ni watu tofauti kabisa ukija kwenye mpango wa tiba, wa kwanza anajijua na unaweza kumfundisha mbinu, wa pili lazima umshirikishe ndugu wa karibu kwanza maana hatoona sababu ya kufundishwa. Hata mzima anakosea mara moja moja kwahiyo kosa lenyewe sio ugonjwa, tunaangalia yamezidi kiasi gani na anajirekebisha au la.

Na hii sio nadharia tu. Kundi la watafiti wa Christchurch, New Zealand, likiongozwa na Heitger, lilichapisha mwaka 2009 kazi iliyolinganisha watu waliobaki na dalili baada ya mtikisiko wa ubongo na wengine waliotikisika vile vile ila wakapona vizuri. Wale wenye dalili macho yao yalifanya vibaya zaidi, na tofauti hiyo haikuweza kuelezwa kwa sonona, wala kwa kuigiza, wala kwa uwezo wa akili waliokuwa nao. Kwa mtu ambaye kazini wanamwambia anatafuta ruhusa tu, hilo ni jambo zito.

Njia ya kwanza: karatasi

Hapa nazungumzia fomu ya maswali ya MoCA hasa, ile Nasreddine na wenzake wa Montreal waliyoitoa 2005, yenye alama 30 na inayochukua dakika kumi hivi, na dada yake mkubwa MMSE ya mwaka 1975. MoCA naiona bora kwa walioumia kichwa kwasababu ina vitu vya kupanga na kubadilisha mawazo ambavyo MMSE haina vya kutosha, na hivo ndo vinaumia sana kwenye ajali.

Uzuri wake mkubwa kwetu ni kwamba zote mbili zimeshafanyiwa kazi kwa Kiswahili na kwa wagonjwa wa aina hii hii, pale hospitali ya KCMC Moshi, matokeo yakachapishwa 2019. Sio wazee wenye kusahau wa nchi ya mbali, ni watu walioumia kichwa Tanzania. Kwahiyo mtu asikwambie hakuna kipimo chetu.

Uzuri wa pili, karatasi inagusa vitu ambavyo macho hayawezi kukupa kirahisi: anakumbuka maneno matano baada ya dakika tano? Anataja simba, kifaru na ngamia akiwaona? Anarudia sentensi? Anapiga hesabu ya kutoa saba saba? Lugha na kumbukumbu ya maneno hutovipata kwa kuangalia nukta inavyotembea.

Ubaya sasa. Shule. Kipimo kinaongeza alama moja kwa mwenye miaka 12 ya shule au pungufu, ila mtu aliyeishia darasa la pili na hajashika kalamu tangu hapo alama moja haimsaidii kitu, ukimwambia achore mchemraba unampima shule humpimi jeraha. Saa nayo ni mtego, fomu ya asili inataka mishale ya 11:10 ambayo kwetu ni saa tano na dakika kumi, na msimamizi asiyekuwa makini akisoma "kumi na moja na dakika kumi" mgonjwa anachora saa ingine kabisa na anapoteza alama bila kosa. Soma toleo la Kiswahili kama lilivyoandikwa, usitafsiri kichwani ukiwa umesimama kitandani!

Alafu kuna mkono. Aliyevunjika mkono wa kulia, na ajali za pikipiki zinavunja mikono sana, hachori. Mwenye bomba la kupumulia shingoni hasemi. Aliyepoteza lugha kwa jeraha la upande wa kushoto anaweza kuwa anajua kila kitu na bado akapata alama nne. Na ukimpima leo, mwezi ujao na mwezi wa tatu kwa fomu ile ile anaikariri, ndo maana kuna matoleo mbadala, yatumie. Na siku hizi wenye MoCA wanataka anayepima apate mafunzo yao na cheti, ambacho ni cha kulipia, weka kwenye bajeti.

Njia ya pili: macho, ila kwa mkono wako

Hii watu wanairuka wakikimbilia mashine na ndo inayoniuma. Kuna utaratibu unaitwa VOMS uliotoka Pittsburgh mwaka 2014, unahitaji futi kamba, kifaa cha kupiga mdundo (simu inatosha) na kalamu yenye herufi ndogo. Unamwambia mgonjwa akupe namba kutoka 0 mpaka 10 kwa kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kile kichwa kuwa na ukungu, alafu unamfanyisha kufuata kidole, kuruka macho kulia kushoto, juu chini, kutikisa kichwa macho yakiwa yameganda kwenye herufi, na baada ya kila zoezi anakupa namba tena. Zikipanda umepata kitu.

Zoezi moja hapo ni la kalamu kuja taratibu kuelekea puani. Unaisogeza mpaka aseme zimekuwa mbili au mpaka uone jicho moja limegeukia nje, unapima umbali, unarudia mara tatu. Wastani ukiwa sentimita 5 au zaidi kipimo kinahesabu kuwa kuna shida. Nimeona wanafunzi wa chuo wanaokuja wanalalamika hawawezi kusoma, wameshaambiwa ni msongo wa mawazo, wameshapewa dawa za usingizi, kumbe kalamu ikifika sentimita 14 wanaona mbili. Kutoshika kumbukumbu ya walichosoma kunaanzia hapo, herufi zenyewe hazitulii! Hilo hakuna MoCA itakayokuonyesha.

Kingine ni King-Devick, kadi za tarakimu mtu anazisoma kwa sauti kwa kasi kutoka kushoto kwenda kulia na unapiga saa. Haifiki dakika mbili. Ilitoka miaka ya 1970 kwa ajili ya matatizo ya kusoma, na mwaka 2011 Galetta na wenzake wakaonyesha kuwa mabondia na wapiganaji waliopigwa kichwani walikuwa wanachukua muda mrefu zaidi kuliko walivyochukua wenyewe kabla ya pambano. Hapo ndo pana kikwazo, inategemea uwe na muda wake wa kabla. Kwa timu ya mpira au ngumi ni rahisi, mnapima wote mwanzo wa msimu. Kwa dereva aliyeletwa usiku kutoka barabarani, wa kabla utautoa wapi?

Na kuna kioo. Jamani kioo. Kwa mgonjwa aliyefumbua macho ila hasemi wala hafuati amri, kipimo cha fahamu kinachoitwa CRS-R, chenye alama 23, kinataka ushike kioo cha mkono sentimita 10 hadi 15 mbele ya uso wake, ajione, alafu ukisogeze taratibu digrii 45 kulia, kushoto, juu na chini. Sio kidole, sio tochi, kioo, kwasababu utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha wagonjwa wengine wanafuata sura yao wenyewe wakati kidole au mtu anayetembea hawavifuati. Macho yakifuata bila kuachia mara mbili, huyo mtu ana fahamu kidogo, na mpango mzima unabadilika. Mwaka 2009 Schnakers na wenzake walichukua wagonjwa 44 ambao madaktari walikubaliana kuwa hawana fahamu kabisa, wakawapima upya kwa CRS-R, 18 wakakutwa na dalili za fahamu. Asilimia 41! Kwa kioo na subira tu. Na mara moja haitoshi, mtu anaweza kuwa amelala asubuhi akaamka jioni, ushauri ni angalau mara tano ndani ya wiki mbili kabla hujaandika chochote cha mwisho.

Njia ya tatu: mashine

Inavyofanya kazi: taa ndogo za infraredi zisizoonekana zinamulika jicho, kamera inaona mboni na kale kanukta ka mwanga kanakong'aa kwenye kioo cha jicho, na kwa umbali kati ya hivo viwili kompyuta inajua unaangalia wapi. Za kawaida zinapiga picha mara 60 kwa sekunde, za maabara zinafika 1000 na kupita. Tofauti hiyo ina maana yake. Ya 60 inakupa picha moja kila milisekunde 17 hivi, inatosha kujua mtu aliangalia wapi na kwa muda gani, haitoshi kupima kasi ya jicho linaporuka. Ukiambiwa na muuzaji kuwa inapima kila kitu muulize hiyo namba kwanza.

Inachokupa ambacho mkono wako hauwezi ni milisekunde. Jicho lililochelewa kwa milisekunde 60 huwezi kuliona kwa macho yako hata ukae nalo mchana kutwa. Na inakupa rekodi, unaweza kulinganisha mwezi wa kwanza na wa tatu bila kubishana nani alipima. Na haihitaji mkono, haihitaji mdomo, haihitaji kusoma.

Kwa mtikisiko wa ubongo kuna zilizoshapata kibali cha FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba kule Marekani. EyeBOX ya kampuni ya Oculogica ilipita Desemba 2018, mgonjwa anaangalia video inayozunguka pembeni za skrini kwa dakika kama nne na haihitaji kipimo cha kabla, imekusudiwa kwa wa miaka 5 hadi 67 ndani ya wiki moja tangu aumie. Utafiti uliopelekwa kuombea kibali ulikuwa na uwezo wa kunasa wenye tatizo asilimia 80 hivi, ila wasio na tatizo iliwaacha salama asilimia 66 hivi. Yaani kati ya watatu wazima mmoja inamwita mgonjwa. Ndo maana hata kibali chenyewe kinasema ni msaada kwa daktari, haisimami peke yake. Kuna EYE-SYNC pia, ni miwani ya kuvaa mgonjwa anafuata nukta inayozunguka duara, nayo inatoka Marekani.

Sasa yanayoiharibu, na haya muuzaji hakwambii. Kabla ya kipimo mashine inataka mgonjwa aangalie nukta tano au tisa moja moja ili imzoee. Ambaye hatulii, au kope limelegea, au jicho limevimba bado, hapiti hapo. Miwani yenye kung'aa inasumbua. Wanja mzito unasumbua, kamera inatafuta kitu cheusi cha duara na inakamata ukingo wa kope badala ya mboni, mwombe dada afute kwanza. Jua la dirishani linaua infraredi kabisa, chumba cha mashine kiwe na pazia zito, na kwa jua letu la saa saba sifanyi utani.

Kubwa kuliko yote ni dawa. Mgonjwa wa kichwa kwetu mara nyingi yuko kwenye fenitoini kuzuia degedege, na fenitoini ikizidi inafanya macho yenyewe yachezecheze na yashindwe kufuata kitu taratibu. Diazepam, ile dawa ya kutuliza, inachelewesha kila kitu. Kukosa usingizi hivo hivo, na wodi zetu nani analala? Mashine itakuandikia kuwa ubongo ni mbovu wakati ni kidonge cha asubuhi. Mishipa ya fahamu inayoamuru misuli ya jicho nayo inaumia kwenye ajali, mtu anaona viwili kwasababu ya mshipa mmoja tu na akili yake ni nzima kabisa. Kwahiyo kabla ya mashine lazima mtu aangalie macho kwa mkono. Narudia, njia ya pili inatangulia ya tatu kila siku.

Bei: za utafiti zinaanzia maelfu ya dola na zingine zinafika makumi ya maelfu. Kuna vile vifaa vya kuchezea michezo ya kompyuta vya bei ya chini zaidi ila vimetengenezwa kwa kucheza, havijatengenezwa kwa kupima wagonjwa na masharti yake ya matumizi yasomwe kabla hujahifadhi data ya mtu. Kamera ya laptopu yenyewe kupitia programu za bure inakosea kwa digrii kadhaa, wakati ya infraredi nzuri inakosea chini ya digrii moja. Nyoosha mkono wako mbele uangalie kidole gumba, upana wake ni kama digrii mbili. Ikikosea kwa vidole gumba viwili inaweza kukwambia mgonjwa anaangalia kulia au kushoto, neno gani analosoma haiwezi.

Zikiwekwa uso kwa uso

Kumbukumbu na lugha: karatasi, bila ubishi. Umakini, kasi na kujizuia: mashine inashinda, karatasi inafuata. Kizunguzungu na kusoma: mkono. Kuigiza: mashine ni ngumu zaidi kudanganya, mtu anaweza kugoma kuangalia ila kasi ya jicho likisharuka hana mamlaka nayo. Shule: mkono na mashine hazihitaji mtu ajue kusoma, isipokuwa King-Devick inayotaka kujua tarakimu. Hela: karatasi na mkono karibu bure. Muda: mashine haikuokolei, hapo usidanganywe, dakika nne za video zina dakika ishirini za kumkalisha, kumzoesha na kurudia.

Wangu ningewapima hivi. Aliyefumbua macho hasemi: kioo na CRS-R, mara nyingi, na mashine isubiri. Aliyeamka kabisa ila ana bomba shingoni au kapoteza lugha: hapa mashine ndo ina thamani yake halisi, kwasababu unaweza kumuonyesha picha nne na kusema "angalia mbuzi" na ukajua anaelewa. Kama huna, shika ubao wa plastiki unaopitisha mwanga wenye picha pembeni nne, kaa upande wa pili, utaona macho yake yanaenda wapi.

Mkulima wa darasa la pili anayetembea na kuongea: karatasi kwa tahadhari, alafu kazi halisi. Mpe elfu kumi akanunue sabuni na chumvi arudishe chenji, mtume maabara peke yake arudi, hayo yatakwambia kuliko mchemraba. Mwanafunzi mwenye CT safi na kichwa kinachouma akisoma: VOMS siku hiyo hiyo, mashine kama ipo, karatasi mwisho.

Na dereva wa bodaboda anayetaka kurudi kijiweni, huyo ndo ananinyima usingizi. Hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayoweza kusema peke yake kuwa yuko tayari. MoCA ya 27 haijui kama ataona gari linalotoka pembeni, na jicho zuri kwenye nukta halijui atakavyoamua abiria akimpigia kelele. Nnachofanya ni kuanzia upande wa kuona, yaani kama anaona vya pembeni kulia na kushoto au pamekatika, alafu yale majaribio ya kujizuia, alafu anaendesha sehemu tupu na mtu mzoefu akimwangalia. Kimoja kikifeli naandika asubiri, hata familia ikinuna.

Kwa kituo chenye bajeti ya kitu kimoja ushauri wangu ni kusomesha watu wawili VOMS, CRS-R na MoCA ya Kiswahili kabla ya kuagiza mashine. Na ambao mashine mmeshaipata, kazi ya kwanza isiwe mgonjwa. Namba za kawaida zinazokuja na programu nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa vyuo na wanamichezo wa nchi zingine, watu wanaokaa mbele ya skrini tangu utotoni, na ukimlinganisha nao kijana wa miaka 24 aliyeishia la saba utamwita mgonjwa hata kama hajawahi kuanguka. Watu wa kulinganisha naye wako hapo hapo kwenye benchi saa ya kuona wagonjwa: kaka yake, rafiki yake wa kijiweni, shemeji, umri ule ule, shule ile ile. Ombeni kibali cha kamati ya maadili, waombeni ridhaa wenyewe kwa maneno wanayoelewa, wapimeni, na pembeni ya kila jina la siri andikeni umri, shule, dawa, saa walizolala na umbali waliokaa kutoka kwenye skrini.